Buti za Namba Sita

Mdogo wangu Restuta ana kiburi cha miguuni. Wenzake kiburi chao kiko kichwani, mtu unakiona na kukiepuka. Chake kiko chini, ndani ya viatu, na majira ya baridi ya mwaka 2004 nusura kimkoseshe kazi huku mimi namwangalia. Nimejaribu mara mbili kuisimulia habari hii kwa utulivu nikashindwa, kwa hiyo nitaisimulia na hasira zangu.

Alikuja London mwaka 1996 akitokea kwetu Bukoba, miaka mitatu baada yangu. Alianza kwa kusafisha ofisi kule Croydon, kisha akahamia Barking na kupata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mzee wa kwanza alitakiwa awe ameamshwa saa moja kamili asubuhi, na basi la alfajiri lilikuwa linakuja linapojisikia. Restuta akaamua kupanda baiskeli. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwahi kukalia baiskeli maishani mwake. Alijifunza bustanini Jumapili tatu mfululizo baada ya misa, akianguka mbele ya watoto wa watu. Nilimwambia atavunjika kiuno. Hakuvunjika, na baada ya mwezi alikuwa anawahi kuliko wafanyakazi wenzake wote. Safari ile yeye ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa sijawahi kumwambia.

Alikuwa na wazee wanne kila asubuhi, na kazi yake kubwa ilikuwa miguu. Anawapaka mafuta, anawakagua vidole kimoja kimoja asije akapitwa na kidonda, anawavisha soksi, anawafunga kamba za viatu. Bibi mmoja mkali wa Kiingereza alikuwa hakubali kuguswa na mtu mwingine yeyote. Huyu ndiye Restuta: vidole vya watu anavijua kama rozari, vyake mwenyewe anavifungia kwenye raba zilizolowa toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana.

Desemba vikavimba. Vikawa na rangi ya zambarau, vinawasha usiku, na akivisogeza karibu na hita vinauma kama vimekanyagwa. Daktari akamwambia ni baridi na maji, na kwamba asipovikausha na kuvipasha vitapasuka vioze. Akakaa nyumbani siku sita. Aliporudi kazini, supervisor akamwambia akiugua tena wazee wake watapewa mtu mwingine. Alilisema hilo akiwa na hita chini ya meza yake, shetani yule. Kwenye baiskeli ile Restuta alikuwa anamsomesha binti yake Lila na kulipa pango, na bila wazee wale wanne hana kitu.

Nikasema basi, tunanunua buti. Nikampeleka kwa Jaswinder.

Jaswinder ni Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, ana duka la baiskeli upande wa Ilford, na Kiswahili chake hakijazeeka. Alitutolea buti nyeusi ngumu, nje hazipitishi maji, ndani zina manyoya, kifundoni zinakazwa kwa mkanda.

"Mguu yako ni sita, mama," akamwambia Restuta. "Kwa hii buti utachukua saba. Utavaa soksi ya sufu, na vidole lazima vicheze ndani. Joto inakaa kwa hiyo nafasi. Ukibana mguu, damu haipiti, na hakuna buti itakusaidia."

Akamwonyesha na suruali: ipite juu ya buti, isichomekwe ndani kama tunavyofanya na mabuti ya shambani, maana maji yatateremka na mguu hadi chini, na buti isiyoingiza maji haiyatoi.

Restuta akavaa saba. Akatembea hatua tatu, akasimama kana kwamba amekanyaga kinyesi.

"Zinapwaya."

"Zinatakiwa zipwaye," nikasema. "Hujamsikia?"

"Nipe sita."

Akavaa sita na soksi yake nyembamba ya kazini. Akakanyaga chini kwa nguvu. "Hizi zinanishika."

"Zinakubana!"

"Dada, mguu ni wangu."

Jaswinder akajaribu tena, kwa upole zaidi. Mimi sikuwa na upole. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba anataka kupendeza miguu huku vidole vinaoza, kwamba hakuna mwanamume barabarani anayetazama buti zake, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Akavua buti, akazibeba mpaka kwenye kaunta, akalipa namba sita kwa pesa zake.

Wiki mbili na nusu baadaye Lila akanipigia simu nikiwa kazini Stratford, kwenye mashine ya malipo. Yule mtoto anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa lugha ya shule. "Mama mkubwa, her foot's bleeding," akasema. "She's not telling you." Mama yake anatoka damu mguuni, na mimi nafichwa.

Nilifika kwao Barking bado nimevaa sare ya dukani. Restuta alikuwa ameketi kitandani, mguu wa kulia umefungwa bandeji. Kidole kidogo na cha pili yake vilikuwa vimepasuka na kutoa usaha. Daktari alikwishampa dawa na kusema vitapona, ila amechelewa mno kumwona. Na ofisini walikwishapiga simu. Yule bibi mkali wamempa mtu mwingine. Waliobaki watatu watamsubiri mpaka Jumatatu, baada ya hapo nao wanaondoka.

Hasira ilinipanda nikashindwa kuvua koti.

"Umefurahi? Umependeza sasa? Mtu mzima, mama wa mtoto, unashindana na Kalasinga juu ya viatu! Ungechukua saba ungekuwa kazini leo!"

"Sivai kiatu kinachopwaya," akasema.

"Kwa nini? Nipe sababu moja tu."

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mdogo wangu.

"Kwa sababu nimevaa vyako miaka kumi na mmoja. Vyako vya shule, vyako vya kanisani, vyako vya msibani. Wewe ulikuwa unanunuliwa, mimi narithi. Mguu wako ulikuwa mkubwa kuliko wangu, natembea navikokota, wanafunzi wenzangu wananisikia nakuja kabla hawajaniona. Nikaapa siku nitakayonunua kwa pesa yangu, kitanishika. Umesahau?"

"Ungesema!"

"Nilisema. Nilikuwa na miaka minane. Ukaniambia nishukuru, wenzangu wanakwenda peku."

Nikakumbuka kwamba nilisema hivyo kweli. Nilisema kwa sauti ya mama, nikajiona nimemlea vizuri. Hasira ile ikabaki imesimama pale kati yetu haina pa kwenda, na mimi ndiye niliyeileta.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Dada," akasema, akajifunika blanketi.

Alhamisi na Ijumaa hatukupigiana simu. Jumamosi nikaenda tena. Nilitaka kumwambia kwamba namba saba nitanunua mimi, nikajizuia mlangoni, kwa sababu hapo ningekuwa namvisha tena. Nikamwambia tu kwamba nakwenda Ilford, akitaka tufuatane. Akavaa ndara juu ya bandeji na koti lake, tukapanda basi. Mlangoni kwa Jaswinder akanisimamisha.

"Wewe baki nje."

Nje! Februari, mvua ya manyunyu, mimi mkubwa wake kwa miaka minne, nimesimama kama mwizi aliyekatazwa kuingia dukani. Nikabaki. Kupitia kioo nilimwona Jaswinder akimpima mguu upya, akimletea soksi nene. Alivaa moja, akavua. Akavaa nyingine. Mara mbili nilinyanyua mkono nigonge kioo, nimwonyeshe vidole saba, na mara mbili nikauficha mfukoni. Ilinichukua nguvu kuliko kubeba maboksi ya dukani.

Akatoka na buti mguuni, ndara mkononi.

"Nimechukua saba," akasema. "Si kwa sababu yako."

Maneno yalinijaa kinywani: kwamba nilimwambia tangu mwanzo, kwamba bibi yule asingeondoka, kwamba amepoteza jozi nzima kwa ukaidi. Nikayameza yote, na yalikuwa machungu. Likabaki swali moja ambalo kwa miaka kumi na mmoja ya viatu vyangu sikumuuliza hata siku moja.

"Zinakutosha?"

Restuta akazitazama, akanitazama. "Ngoja nitembee kwanza," akasema, akaenda polepole hadi kwenye taa za barabarani, na mimi nikamsubiri mvuani.