Kofia Hazijakauka

Baba hakuja kukaa kwangu, mtaa wa Al Hail, kwa hiari. Alianguka bafuni nyumbani kwake, peke yake, akalala sakafuni mpaka jirani akamsikia. Baada ya hapo sikusikiliza la mtu. Nilifunga nguo zake nikamtia garini. Mimi ni mkaidi, na ukaidi wenyewe nimeurithi kwake.

Lakini kwangu walimpenda kupita kiasi. Akinyanyua kikombe, mume wangu anampokea. Akisimama, wanangu wanamrukia, "Babu, kaa." Hata viatu anavalishwa. Mzee aliyekuwa hamalizi maneno akawa anajibu "alhamdulillahi" tu, basi. Jumatano moja nikamkuta anakunja kanzu zake.

"Kaka yako akija Ijumaa nnaondoka naye. Nnarudi kwangu."

"Nani kakuudhi?"

"Hajaniudhi mtu. Mie hapa mgeni, na nimechoka kuwa mgeni."

Iliniuma, na nikaogopa. Kurudi kule ni bafu lile lile na sakafu ile ile, na jirani pengine hayupo. Lakini baba ukimbembeleza ndiyo unampa nguvu ya kukataa, kwa hiyo sikumbembeleza. Nikamtafutia kazi.

Alhamisi nilipika wanga mwepesi, nikauweka barazani kwenye beseni pamoja na kofia zote za mume wangu na wanangu, zimefuliwa, zimenywea kama maandazi yasiyoumuka. Tangu ujana wake Unguja, baba hajampa mtu kofia yake aitie wanga.

"Dobi kafa?" akauliza.

"Dobi anazikausha zinakuwa mbao. Mie siwezi kazi hii, na kesho Ijumaa. Shauri yako."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilichungulia dirishani, sikatai. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu tangu aanguke, basi kila kofia aliibana kwa mapaja, akaichovya na kuikamua kwa mkono wa kulia, akaivisha bakuli lililofudikizwa ikae umbo. Alikwenda polepole mno. Mume wangu akainuka akamsaidie. Nilimtazama jicho moja tu, akakaa.

Jioni nikasikia sauti ya baba barazani, anamgombeza mwanangu kwa kumletea bakuli lenye ufa. Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi.

Ijumaa asubuhi begi lake lilikuwa mlangoni bado. Kaka akafika kutoka kwake Wattaya, nadhifu, mtu wa wizarani anayesimamiwa akiingia. Baba alikuwa barazani na kofia zilizobaki. Akamtazama kaka kichwani.

"Nini hicho?"

"Kofia, baba."

"Lete."

Hakungoja kuletewa. Aliivua mwenyewe, akaitumbukiza kwenye wanga. Kaka akabaki na upara wake, hajui mikono aiweke wapi.

"Baba, si tunaondoka?"

"Tunaondokaje? Kofia hazijakauka."

Kaka akanigeukia mimi. Nikamwonyesha kiti. Msikitini alikwenda na kofia ya mwanangu, imembana, imekaa juu juu.

Walipotoka, baba akabaki barazani kumalizia kofia; nikalichukua begi, nikazirudisha kanzu kabatini moja moja. Nilipogeuka, baba yuko mlangoni ananitazama, mikono yake myeupe kwa wanga. Nikajiweka tayari kwa ugomvi.

"Wanga umekwisha," akasema. "Wa wiki ijayo upike mzito kidogo."