Fagio na Logi Iliyoachwa Wazi

Kila jioni, kabla ya kubeba mkoba wake, Fagio alitoa simu, akajitoa kwenye mtandao wa ofisi ili aonekane mgeni, kisha akajaribu kuifungua logi ya tovuti yetu. Akikataliwa, aliguna kwa kuridhika na kwenda zake nyumbani.

"Unabisha hodi kwako mwenyewe?" karani wa mapokezi alimtania.

"Nabisha nione kama mwizi naye angekaribishwa."

Sisi wawili tuliitunza tovuti ya hospitali. Logi ni faili ambamo tovuti hujiandikia kila kinachoikwamisha. Ukiiwasha inaandika bila kuchagua, hata majina ya wagonjwa. Fagio alikuwa akiiwasha kwa saa chache tu, akiiweka mbali na folda za umma, ambazo yeyote mtandaoni anaweza kuzifungua, na kila Ijumaa akifuta za zamani. Jina la Fagio nilimpa mimi, na si kwa mapenzi.

Mimi nilikuwa na shahada na miaka kumi na minne kazini. Yeye alikuwa na cheti cha miezi tisa. Mkurugenzi alimwita "mwanangu". Mimi aliniita "bibie". Nilimwonea kijicho hadi kwa kucheka kwake. Cheo cha mkuu wa kitengo kilipobaki wazi, nilianza kulala nikikiota.

Mwezi huohuo alichukua likizo ya wiki moja kumuuguza mama yake. Fomu ya miadi ikagoma. Niliiwasha logi, nikalipata kosa kabla ya chakula cha mchana, na mkurugenzi akanisifu mbele ya madaktari. Mgema alisifiwa, tembo akalitia maji: sikuizima, na nilikuwa nimeiacha kwenye folda ya umma.

Jioni aliyorudi, Fagio alisimama na simu mkononi. Mkoba haukuguswa.

"Dada, imefunguka."

Nilitazama. Majina, namba za simu, na maradhi ambayo mtu hamwambii hata mumewe.

"Umeiwasha wewe?"

"Mwenye ufagio si wewe?" nilimjibu.

Aliizima, akaifuta kwenye seva, kompyuta inayobeba tovuti, kisha akapekua orodha ya walioifungua. Kulikuwa na simu yake tu. Tarehe ya mstari wa kwanza wa logi, ya wiki aliyokuwa likizoni, alikuwa ameiona kabla ya kuifuta, nami nilimwona akiiona.

Asubuhi alinipeleka kwa mkurugenzi. "Mzee, tuliiacha logi wazi kwa siku tano. Hakuna mgeni aliyeisoma."

"Nani aliiacha?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini ile "tuliiacha" ilinichoma kuliko kama angenitaja. Hata katika kosa langu, yeye ndiye aliyeonekana mwema.

"Mimi," nikasema.

Cheo alipewa yeye. Nilimpa mkono wa pongezi huku nikiangalia dirisha.

Mwaka uliofuata alihamia mji wa mumewe, nami nikakirithi kiti chake, kikiwa bado na mto aliouacha. Siku yake ya mwisho nilimsindikiza hadi getini. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikamuuliza kama ameacha funguo za kabati.

"Ziko kwenye droo," alisema. Akaufunga mkoba wake, akanitazama kidogo. "Jioni jaribu kuifungua logi kwa simu yako, dada. Ukishindwa, nenda nyumbani ukapumzike."