Saa Tano za Lodwar

Mwalimu Nyabol alifundisha insha ya Lodwar miaka minane bila kukanyaga Lodwar. Kila muhula wa pili aliandika ubaoni "Siku niliyotembelea mji wa Lodwar", na watoto sabini na kitu wa darasa la sita, katika shule moja ya kambi ya Kakuma, wakauma kalamu wakimtazama awape pa kuanzia. Aliwapa. Aliwaeleza kilima chenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, mto Turkwel, na wanawake wanaosuka vikapu kwa majani ya mikoma. Yote hayo aliyaokota kwa watu waliofika. Yeye mwenyewe mji huo alikuwa ameuona mara tatu tu, kupitia dirisha la ndege, na sanamu ilikuwa ndogo kama njiti ya kiberiti.

Si kwamba Lodwar ni mbali. Ukitoka Kakuma asubuhi kwa gari, chakula cha mchana unakula huko. Ila mkimbizi hatoki kambini bila karatasi, na karatasi husema unatoka wapi na unakwenda wapi, basi. Nyabol aliletwa Kakuma mgongoni mwa mama yake kutoka Nasir, kusini mwa Sudan, akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na thelathini na mmoja, na hakuwa amewahi kupitiliza siku za karatasi yake hata mara moja.

Kiswahili chake alikitoa vitabuni, kwa hiyo hakikuwa na vumbi. Wengine wote waliomzunguka walisema kitabu yangu, nyumba mzuri, nimetoka kwa soko, na mambo yakaenda. Nyabol hakuweza. Akisikia "kwa nyumba", alisahihisha hata kama msemaji ni mama muuza maziwa: "Nyumbani, mama." Watu walimcheka, na wanafunzi wake wakafaulu.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Jepkoech, Mama Sally, afisa wa mradi wa elimu aliyetoka Kericho na kuzoea joto la Turkana kwa shida. Walikuwa na miaka tisa ya urafiki. Jepkoech alipokuwa akizunguka shule za mbali, Sally alilala kwa Nyabol, akala kwa Nyabol, akajifunza kumwita mama mkubwa. Ripoti za Kiswahili za Jepkoech zilinyooshwa na Nyabol kabla hazijafika kwa wakubwa. "Wewe ni dada yangu," Jepkoech alipenda kusema, "tumeachana tumbo tu." Nyabol aliliamini neno hilo. Kwa nini asiliamini?

Mwezi wa sita walikwenda Nairobi pamoja kwenye semina ya walimu. Nyabol alirudi na furaha isiyomkaa kifuani: chuo cha ualimu Eldoret kilikuwa kimempa nafasi ya diploma, kuanzia Septemba. Kilichobaki ni ruhusa ya kukaa nje ya kambi miaka miwili, na ruhusa ya namna hiyo hupewa mtu mwenye rekodi safi. Ya kwake ilikuwa safi kuliko sahani ya mgeni.

Walipokuwa angani wakirudi Kakuma, rubani akatangaza kwamba Kakuma ina upepo na vumbi, haoni pa kutua. Wakashuka Lodwar saa nne asubuhi. Ndege ingeondoka saa tisa, wakaambiwa, wakae kivulini.

Jepkoech hakukaa dakika kumi. Kabla ya Kakuma alikuwa ameishi Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, miaka miwili, na mji aliuona kama wake.

"Mwalimu, amka tutembee. Saa tano nzima tutakaa hapa kama mizigo?"

"Karatasi yangu haisemi Lodwar," Nyabol akajibu. "Inasema Nairobi na Kakuma."

"Nani atakuuliza? Si uko na mimi?"

Nyabol akatazama nje ya uzio. Kilima kilikuwa pale pale, na sanamu sasa ilikuwa na mikono kweli. Akafikiria watoto wote aliowadanganya, au tuseme aliowapa maneno ya kuazima. Hamu ikamshika, na hamu ya miaka minane si ya kubembelezwa na kivuli. Akasimama.

Langoni Jepkoech akamwonya. "Nipe hiyo karatasi na kitambulisho ya kambi, niweke kwa mkoba yangu. Ukionyesha hizo mjini utajiletea maswali. Mtu akiuliza, sema kitambulisho iko kwa nyumba, Kanamkemer. Kwanza wewe nyamaza, mimi ndio nitaongea."

Nyabol akampa. Alimpa kama unavyompa ndugu mtoto akushikie.

Na asubuhi ile ilikuwa tamu, hilo lisemwe. Walipakiwa wawili kwenye boda boda moja, wakapanda kilima kwa miguu huku Jepkoech akihema na kulalamika viatu. Juu, Nyabol aliutazama Turkwel ulivyopita katikati ya miti ya kijani, mabati ya mji yaking'aa, na ndege yao, ndogo sasa, imelala uwanjani. Jepkoech alimpiga picha. Sokoni Nyabol alimsalimu mama msusi wa vikapu kwa Kiturkana, "Ejok," naye akaitikia, "Ejok noi," akamwachia ashike kikapu kisichokamilika aone ufundi wa chini unavyoanza. Nyabol alikuwa akiwaambia watoto kwamba kikapu huanzia mdomoni. Alicheka peke yake.

Saa nane kasoro walianza kurudi. Karibu na daraja, polisi walikuwa wakisimamisha boda boda zote. Aliyewafikia ni konstebo mmoja, Gitau kwa mujibu wa kibandiko cha kifuani, mtu wa makamo asiye na haraka.

"Mnatoka wapi, madam?"

"Sokoni tu, afande. Mimi ni wa Kanamkemer," Jepkoech akasema, akatoa kitambulisho chake.

"Na wewe, dada? Yako iko wapi?"

Jepkoech akafungua mdomo, lakini afande alikuwa amemtazama Nyabol. Maneno aliyofundishwa yalikuwa matano tu. Mtoto yeyote wa Lodwar angeyasema bila kufikiri. Nyabol akayatafuta, ulimi ukakataa, ukafanya ulichofanya maisha yake yote.

"Kitambulisho changu kimebaki nyumbani, Kanamkemer."

Gitau akatabasamu. "Kimebaki," akarudia polepole. "Hiyo ni Kiswahili ya redio, dada. Mimi niko hapa miaka sita na hakuna mtu wa Kanamkemer nimesikia akisema hivyo. Hiyo inatoka shule ya kambi. Wewe ni wa Kakuma?"

Nyabol akamtazama Jepkoech. Afande akageuka. "Madam, huyu ni mtu wako?"

Swali lilikuwa jepesi. Jepkoech angesema ndiyo, angefungua mkoba, angetoa karatasi yenye tarehe ya leo, na pengine wangesindikizwa uwanjani kwa kukemewa tu. Nyabol alimsubiri bila hofu. Hata alianza kutabasamu.

"Hapana," Jepkoech akasema. "Tulikutana tu kwa ndege. Mimi sijui mambo yake."

Alisema bila kumtazama. Mkoba ulikuwa begani mwake, zipu imefungwa. Nyabol aliutazama mkoba, akangoja. Aliona aibu kumwumbua rafiki mbele ya askari. Alidhani atakumbuka, atageuka, atatoa mwenyewe. Jepkoech akamwambia mwenye boda boda, "Twende, ndege itaniacha." Pikipiki ikanguruma, ikavuka daraja.

"Karatasi yangu imo mkobani mwake," ndipo Nyabol akasema.

Gitau akaitazama barabara. Ilikuwa tupu. Walipofika kituoni alimpigia Jepkoech mara tatu kwa namba aliyopewa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Simu ilikuwa imezimwa. Saa tisa na robo ndege ilipita juu ya paa la kituo ikielekea Kakuma, na Nyabol, aliyekuwa kwenye benchi, hakuinua kichwa. Alikuwa akilia, na hakujificha.

Kesho yake ofisi ya kambi ilimthibitisha, akarudishwa. Lakini neno lilikuwa limeshaandikwa: alikutwa nje ya safari aliyoruhusiwa, bila karatasi. Ombi lake la miaka miwili likarudi. Aombe tena mwakani, akaambiwa kwa upole. Eldoret hawakungoja mwakani.

Jepkoech alikuja baada ya wiki tatu, jioni jua halijazama, amebeba sukari na maziwa. Nyabol alikuwa uani akisahihisha madaftari pamoja na jirani yake Aluel, aliyekuwa akichambua maharagwe. Jepkoech alitoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi na kitambulisho, havina hata mkunjo.

"Nilikuwekea vizuri," akasema. "Mwalimu, unajua vile kazi yangu ilivyo. Wangesema nimetorosha mkimbizi, na niko na mtoto. Wewe ungefanya nini? Sally anakuuliza kila siku. Sisi ni ndugu, haya yatapita."

Nyabol aliipokea bahasha, akaiweka chini ya madaftari ili upepo usiichukue. Akachukua kalamu nyekundu. Hakumwonyesha kiti.

Aluel, ambaye alihamia mtaa ule juzijuzi na hakumfahamu Jepkoech, aliona wageni hawapokelewi hivi. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mwalimu," akauliza, "hii mgeni yako ni nani?"

Nyabol hakumsahihisha. Alifungua daftari jingine.

"Tulikutana tu kwa ndege," akasema.