Matanga Yasiyo na Marehemu

Niliingia kwenye siasa kwa sababu ya udaku. Wengine watakuambia waliguswa na dhuluma, sijui walisoma vitabu vizito wakaamka. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nasomea kupiga taipu mjini, na jirani yetu mchongaji wa vinyago alikuwa ameanza kufunga mlango wake mchana. Sasa mchongaji gani anafunga mlango mchana, na lile vumbi lote la mbao? Roho haikutulia. Nikachukua kikombe, nikabisha hodi, nikasema naomba chumvi. Chumvi tulikuwa nayo tele.

Ndani walikuwa watu watano, wamekalia magogo, na wote walinyamaza nilipoingia. Niliwajua. Ni watu wa mtaani kwetu, mmoja mwenye duka, wawili makarani, mama mmoja wa kwaya, na mchongaji mwenyewe akiwa na patasi mkononi kama mtu aliyekatizwa kazi. Hapakuwa na kazi yoyote. Kinyago kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimekamilika tangu juma lililopita, nilikiona mwenyewe.

"Ingia basi," akaniambia, "na ufunge mlango. Chumvi utapewa baadaye."

Walikuwa wanazungumzia uwanja.

Mtaa wetu uko hatua chache tu kutoka mtaa wa Ziwani, nyumba za zamani za chumba kimoja kimoja, na katikati yake palikuwa na uwanja wazi. Kila kitu kisichotosha ndani ya chumba kilifanyiwa pale. Nguo zilianikwa pale, mpira ulichezwa pale, harusi na Idi vilevile. Zaidi ya yote, pale ndipo tulipoweka matanga. Ukifiwa, majirani wanatandaza turubai, wanapanga benchi, wanawasha moto wa chai, na jioni zote hadi siku ya mazishi watu wanakuja kukaa nawe. Katika chumba chenye kitanda na jiko la makaa ungewaweka wapi? Basi juma lile tuliamka tukakuta vigingi vya saruji vimepigwa kwenye pembe nne. Kila mtu alijua kazi hiyo ni ya diwani, na hakuna aliyelitaja jina lake kwa sauti.

Na hapo ndipo palikuwa na tatizo langu. Baba yangu alikuwa dereva wa diwani. Mama alikuwa nyumbani Kitui akilima, sisi tulikuwa wawili tu mjini, na mshahara huo mmoja ndio uliolipa kodi, ugali na ile taipu yangu.

Nilikuwa nimeshamuuliza. "Baba, eti ni kweli mheshimiwa anauza uwanja?"

Alikuwa anakata kitunguu. Hakuinua kichwa. "Dereva hana masikio."

"Lakini ana macho."

"Macho ni ya barabara. Siasa ina wenyewe. Wewe soma taipu."

Nikanyamaza, lakini kwa baba tu. Kwenye foleni ya maji mferejini nilikuwa bunge zima. Niliwashukia madiwani, wabunge, mawaziri, kisha nikajitwika ndoo nikaenda zangu. Maoni ndiyo kitu pekee ambacho hatukuwahi kupungukiwa mtaani.

Mchongaji alikuwa amenisikia huko mferejini. "Mdomo unao," akaniambia. "Swali ni kama miguu unayo."

Shida yao ilikuwa kwamba hawakujua waite watu vipi. Miaka ile huwezi kukusanya watu kwa mkutano bila leseni, na ni nani angekupa leseni ya kumsema diwani? Askari wangefika kabla hujamaliza kusema hamjambo. Wakazunguka hapo hapo, huyu anasema hivi, yule vile, na mimi nimekaa na kikombe changu. Kisha nikauliza, kwa kutaka kujua tu, "Kwani matanga yanahitaji leseni?"

Wakanitazama. Mchongaji akaanza kucheka polepole, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kazi ya kupita mlango kwa mlango nikapewa mimi. Nilisema maneno yale yale kila mahali, Jumamosi jioni kuna matanga uwanjani. Wakiuliza ni nani, nikasema mtajua mkifika. Nikajiambia huo si uongo. Nilifurahia sana, sitaki kuficha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naona ndani ya kila nyumba, nani ana televisheni, nani kagombana na nani, na watu wananikaribisha chai kwa heshima ya msiba.

Lakini tulikosea, na ni kosa ambalo watu wa mitaa yetu ya Eastlands pekee wangelifanya. Tulizoea matanga hata tukasahau yana nguvu gani. Mtu wa kwetu akisikia msiba haulizi mara mbili. Kufikia saa kumi, wanawake walikuwa wanaingia kutoka Kariobangi na masufuria kichwani. Kwaya ilikuja na sare, ikaanza kuimba kabla hata ya kuketi. Watu nisiowajua walikuwa wanalia. Nikawaangalia wale wanaolia nikajiuliza, jamani, hawa wanamlilia nani? Nilitamani kwenda kuwauliza.

Kisha akaja mama tuliyezoea kumwita Bi. Alikuwa mjane wa Kiislamu wa safu ya nyuma yetu, mzaliwa wa Mombasa, na chini ya kwapa alikuwa na bafta nyeupe ya sanda.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Maiti yuko wapi? Jua linakuchwa, mnamweka mpaka lini?"

"Bi, hakuna maiti."

"Ameshazikwa?"

"Hakuna aliyekufa."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Astaghfirullah! Sasa mnamsingizia nani kifo?" Nikamnong'oneza habari ya uwanja, mbio mbio. Nilidhani ataondoka, na angeondoka yeye nusu ya watu wangemfuata. Akaenda kuketi benchi la mbele, bafta mapajani, uso umekunjamana. "Na samaki nimemwacha jikoni," akasema.

Mchongaji akasimama ili aanze. Hajafungua kinywa, tukasikia honi.

Hilo nalo tulikuwa tumelisahau. Mwanasiasa hakosi matanga. Anaweza kukosa kikao, anaweza kukosa kanisani, lakini palipo na turubai na kilio utamwona. Gari la diwani likaja taratibu hadi kando ya benchi, na aliyekuwa kwenye usukani ni baba yangu. Baba akashuka, akamfungulia mlango mkubwa wake, akainua macho, akaniona nimesimama karibu na moto. Hakuonyesha dalili yoyote. Akabaki kando ya gari.

Diwani akavua kofia, akapeana mikono na safu yote ya mbele, akasimama mahali pa wasemaji. "Wananchi, niliposikia habari hii sikuweza kukaa," akasema. "Marehemu alikuwa rafiki yangu wa karibu sana." Nikauma midomo. "Naomba wafiwa wasimame tuwaone, tuwape pole."

Kwaya ikanyamaza. Hakuna aliyesimama. Mchongaji, yule yule aliyeniuliza kama miguu ninayo, alikuwa anavitazama viatu vyake. Na mimi, naapa, kilichonisukuma ni kile kile kilichonipeleka na kikombe mlangoni kwake. Nilitaka kuona itakuwaje mtu akisimama kweli.

Nikapiga hatua mbele.

"Pole sana, binti. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Ni uwanja huu, mheshimiwa. Haujafa bado, ila kaburi limeshapimwa."

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa. Diwani alikuwa bado anatabasamu. Akaanza kusema kuhusu maendeleo, kuhusu watu wanaochochewa, na Bi akamkatiza bila kusimama.

"Jeneza la mume wangu liliwekwa hapo hapo uliposimama. Ukishajenga, mimi wataniswalia wapi? Sebuleni kwako?"

Sasa watu wakacheka wazi. Yule bwana alizoea kuogopwa, na kulaumiwa pia nadhani alikuwa amezoea. Kicheko hakukijua. Akanigeukia mimi, na tabasamu likawa limekwisha.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Kwetu swali hilo likitoka kwa mkubwa huwa ni onyo. Anakukumbusha kwamba una wazazi, na wazazi wako wanakula mahali fulani. Majirani wote wa safu yetu walijua jibu, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kulitazama gari. Mpaka leo nawapenda kwa hilo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikifungua mdomo, namtoa baba kazini mbele ya umma.

"Nauliza, ni mtoto wa nani?"

Baba akaacha gari. Akapita katikati ya benchi, funguo mkononi, akija kama mtu anayekwenda kununua maziwa. Akasimama kando yangu.

"Ni wangu, mheshimiwa."

Diwani akarudisha kofia kichwani. "Twende," akasema. Baba akarudi, akamfungulia mlango kama kawaida, akaendesha gari wakaenda.

Kesho yake, baada ya kanisa, wanawake waling'oa vigingi mchana kweupe na nguo zao za Jumapili. Vikarudishwa. Vikang'olewa tena. Tulivutana hivyo miezi mingi, na nikajifunza mambo ambayo mferejini hayafundishwi, kama jinsi ya kungoja ofisini mpaka karani achoke kukuona. Uwanja upo. Pembe moja imeliwa na maduka, siwezi kusema tulishinda yote.

Lakini jioni ile ya Jumamosi sikujua lolote la hayo. Nilikuwa nimesonga ugali, nikaketi namsubiri baba. Akaja kwa miguu. Akavua viatu, akaketi kitandani.

"Baba, umefutwa kazi?"

"Nimefutwa."

Nikaanza kulia. Nilisema nisamehe, nilisema nitaacha taipu, nilisema mengi. Yeye akala. Alikula akamaliza sahani, na mimi nangoja ugomvi uanze, kwa sababu baba alikuwa na sauti akitaka. Akanawa mikono, akaifuta taratibu kwa kitambaa.

"Mkutano wenu mwingine ni lini?"

Nilidhani sikusikia. "Jumamosi."

"Msimsingizie mtu kifo tena, ni vibaya. Semeni ni mkutano. Benchi nitabeba mimi."

"Na leseni, baba?"

"Hatuna," akasema. "Watatukuta tumekaa."