Gauni la Overmorrow

Gauni jeupe la harusi lilining'inia kwenye chumba chetu mtaani Joubert Park zaidi ya mwaka mzima, na aliyeliagiza hakulifuata. Halikuwa na kasoro. Lilikuwa limeshapigwa pasi.

Nianze nyuma kidogo. Mwaka 2016 nilikuwa nauza vitenge kwenye kona ya chumba nilichopanga pamoja na fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu. Kiingereza alijifunzia kwenye kamusi kuukuu isiyo na jalada, aliyoinunua sokoni Newtown. Lugha hiyo ilimkera kwa jambo moja.

"Dada, bazungu bana neno la kesho, habana la keshokutwa? Day after tomorrow, maneno matatu kwa siku moja! Banapangaka kazi namna gani?"

Asubuhi moja akanifungulia ukurasa huku anacheka. Overmorrow: keshokutwa. Ereyesterday: juzi. Kumbe walikuwa nayo, wakayaacha. Sikuelewa watu wanaachaje neno wanalolihitaji kila wiki, na mpaka leo sielewi. Tangu siku hiyo wateja wote waliahidiwa nguo zao overmorrow. Msusi wa chumba cha pili, Mkenya, alimcheka mpaka akalia.

"Eish, fundi, hicho ni Kiingereza cha marehemu! Watatoka makaburini wakudai."

Wateja walikunja uso, wakauliza tena, wakaelezwa. Bibi harusi hakuuliza. Alikuja Jumatano kutoka Soweto kujaribu gauni mara ya mwisho. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Fundi akamwambia alifuate overmorrow. Msichana akalirudia neno polepole, akatabasamu, akasema, "Sharp, baba," yaani sawa, akashuka ngazi.

Ijumaa tulimngoja mpaka taa za barabarani zikawaka. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jumamosi asubuhi fundi alivaa koti ili apeleke gauni mwenyewe, akafika mlangoni, ndipo tukagundua hatujui nyumba wala kanisa. Akavua koti.

"Ni mimi nilimupoteza, dada?"

Nikasema labda. Msusi akadakia kutoka mlangoni, "Acha hizo! Mtu anayeolewa kesho yake atakuja hata umwambie kwa Kichina."

Nilimwamini msusi. Kisha nikimtazama fundi, namwamini fundi. Yeye alirudi kusema maneno matatu kwa siku moja kama watu wengine, na kamusi akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Mwaka uliofuata alikuja mwanamume, akajitambulisha kuwa ndiye aliyekuwa amwoe yule msichana, ambaye hata kanisani hakutokea. Alisimama mbele ya gauni bila kuligusa. Aliuliza: mwenzake aliambiwa alifuate lini?

"Ijumaa," fundi akasema.

"Na alielewa?"

Fundi akanitazama mimi. Nikaliona tena lile tabasamu, na sikujua lilikuwa la mtu aliyeelewa au la mtu aliyeona haya kuuliza. Mwanamume akageuka, akashuka ngazi. Gauni hakulichukua.