Telekomande Isiyosahau

Mama yangu alipohamia kwetu Uvira kutoka Sange, macho yake yalikuwa yamechoka, na kitu kimoja tu ndicho kilimfurahisha nyumbani mwetu: kwaya za asubuhi kwenye televisheni. Lakini kwetu kuiwasha si kazi ndogo. Kuna telekomande, yaani rimoti, ya televisheni yenyewe, ya dekoda, na ya ampli inayotoa sauti. Asubuhi mimi niko sokoni nauza ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani, watoto wako shuleni. Anayebaki ni mume wangu, fundi wa kushona, na mashine yake iko barazani.

Shida ilikuwa hapo. Kwetu mama na mkwe wake wanaheshimiana kwa haya. Mama hamwombi kitu, hapokei kitu kutoka mkononi mwake. Basi alikaa mbele ya picha isiyo na sauti mpaka nirudi.

Siku moja akaniambia, "Mwanangu, minye nitarudi Sange. Kule hata nikikosa, siombi muntu."

Neno lile lilinikaa rohoni. Mume wangu ndiye aliyesema kuna telekomande moja inayofanya kazi ya zote tatu. Ninaandika hivi wazi kwa sababu dada zangu husema nilibuni mimi. Si mimi.

Tulienda mtaa wa Kimanga, kwa mama mmoja muuzaji. Nikachagua yenye butoni nyingi, maana nilidhani butoni nyingi ndiyo nguvu. Sikusoma sana, labda mwingine angeuliza zaidi. Mume wangu akaingiza namba za kuifundisha kila chombo, na kesho yake nilimkuta mama anaimba pamoja na kwaya.

Furaha haikudumu. Kila asubuhi mama akibonyeza, kimya. Mume wangu anaingiza namba upya jioni, asubuhi imesahau tena. Hakulalamika hata mara moja, lakini mama akaanza kukunja vitenge vyake na kuvitia katika mfuko karibu na mlango.

"Nimeharibu kitu cha mukwe wangu," akasema. "Hata akinyamaza, haya ni yangu."

Siku hiyo niliacha soko mapema nimzuie. Nikapita uani, na juu ya ukuta, kando ya ndagala, nikaona mapile mawili, yaani betri ndogo, yameanikwa.

"Mama, haya mapile ni ya nini?"

"Ya telekomande. Jioni nayatoa yapumzike, asubuhi nayapa jua kidogo. Weye umesahau mapile ya radio ya baba yako, jua liliyarudishia nguvu? Niko nawachungia haya yasiishe haraka, musinunue ingine."

Nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Na kweli, kule Sange, bondeni, tulikua hivyo wote. Telekomande ile ukiitoa mapile ilikuwa inasahau kila ilichofundishwa.

Nilipomweleza mume wangu, nilidhani atasema, mwambie aache. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumtetea mama. Aliendelea kukata kitambaa, akasema, "Mama alianza desturi hiyo mbele weye uzaliwe. Tumubadilishe yeye kwa ajili ya telekomande? Tubadilishe telekomande."

Muuzaji alikubali kuipokea ile tuliyomrudishia. Niseme haki: haikuwa mbaya, katika nyumba nyingine ingefaa. Akamtazama mume wangu, akacheka. "Papa, unamutafutia mama mukwe telekomande? Wengine wananiuliza kama iko ya kumuzima!"

Mume wangu akainamisha kichwa, naye akicheka.

Akatuletea nyingine, ya butoni chache na kubwa, inayojifunza kwa kuelekezwa uso kwa uso na telekomande ya zamani. Safari hii niliuliza kama inasahau. Akaifundisha televisheni ya dukani, akatoa mapile, akahudumia mteja mwingine, akayarudisha, akabonyeza. Televisheni ya dukani ikawaka. Lakini haikuwa na namba za kurukia chaneli, na mume wangu anapenda kuruka kutoka mpira hadi habari.

"Hata, si kitu," akasema. "Minye iko na miguu, nitasimama kutafuta ile ya zamani."

Nyumbani akaifundisha butoni moja moja, akaiweka juu ya meza ndogo, akarudi mlangoni. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kufika hadi kwa mama, "Mwambie mama, hii akitoa mapile inakumbuka."

Mama naye akaniambia mimi, ingawa mkwe wake alikuwa pale pale, "Mwambie mukwe wangu, Mungu amupe maisha."

Sijui kama ninastahili watu hawa wawili. Jioni ile mfuko ulikuwa bado mlangoni, lakini vitenge havikuwemo. Mume wangu alipofunga mashine yake, mama alikuwa ameshaondoka sebuleni kumwachia nafasi. Televisheni ilikuwa inasema, sauti ya kutosha, kwenye chaneli ya habari anayoipenda mume wangu. Telekomande ilikuwa mezani, na mapile yake mawili yamelazwa kando yapumzike.

Kutoka jikoni mama akaniita: "Mwambie mukwe wangu, habari zimeanza."