Kaka Yangu Ni Bubu kwa Sababu Yangu

Admin, jina langu lisionekane popote, maana mume wangu pia husoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina watoto watatu, naishi Komarock. Mkitaka kunitukana tukaneni, lakini mkimaliza mnisaidie.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Kaka yangu ndiye alinilea kule Kariobangi, akigonga mabati na kuunda masanduku ya wanafunzi kwa jua kali. Alinisomesha mpaka nikawa karani mjini. Hakuwahi kuiba hata msumari. Ila akifungua kinywa ni Sheng tupu, ile lugha ya vijana wa mtaani, tena kwa sauti ya juu kama anayegombana. Miaka hiyo ya tisini, ukiongea hivyo watu walikuwa wanakumbatia mikoba.

Nikapata mchumba, baba yake mzee wa kanisa. Siku moja nikiwa kwao, vijana wakapita nje wakipiga Sheng yao. Mzee akasema, "Mtu akiongea hivyo ni mwizi, ni vile tu hajashikwa." Wazee wa posa walikuwa waje wiki mbili baadaye, na kwa mila yetu kaka ndiye angewapokea na kuwajibu kwa niaba ya marehemu baba.

Nikamwendea pale anapofanyia kazi. Nikamwambia, bila haya, kwamba nitawaeleza wageni kuwa anasikia lakini ni bubu, mjomba wetu aongee badala yake. Aliweka nyundo chini.

"Poa, sistee. Kama ni kunyamaza ndio uolewe, nitanyamaza. Si ni siku moja tu?"

Siku moja! Mama mkwe alimpenda yule bubu mpole mpaka akatoa machozi. Baada ya hapo ningeanzia wapi? Kila Krismasi kaka alikuja kwangu, akala kimya, akacheka kimya, akaenda zake. Watoto wangu hawaijui sauti ya mjomba wao. Baadaye akaacha kuja, nami, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Mwaka huu amepatikana na saratani ya mifupa, na imeshaenea. Mume wangu, kwa roho yake nzuri, alisisitiza tumlete kwetu. Anamlisha mwenyewe, anamwosha. Juzi alimgeuza vibaya, nikamwona kaka anauma shuka, jasho linamtiririka, na hakutoa sauti hata kidogo.

"Maskini," mume akaniambia, "hata kulia hawezi."

Alipotoka, kaka akaninong'oneza, "Sistee, nimechoka. Wacha niongee kabla nidedi. Hata kama ni kuitisha maji tu."

Nikamwambia angoje kidogo. Jamani, nilimwambia mtu anayekufa angoje!

Nikisema ukweli, mume atajua nimemdanganya karibu miaka thelathini, tena kwa ajili ya maneno ya baba yake, ambaye hayupo tena wa kuulizwa. Sijui kama atanisamehe, na ndoa hii ndiyo yote niliyo nayo. Nisiposema, kaka atazikwa akiwa amenyamaza, na daktari alisema ni suala la wiki.

Sasa hivi ninapoandika, mume yuko naye chumbani. Namsikia akimuuliza, "Ni hapa panauma? Ama ni hapa?" Na hakuna anayejibu.

Nishaurini, nifanye nini? Tafadhali nijibuni leo.